Parshoki au gardebu imepasuka: mbele ya kununua kole, soma herufi zilizo nyuma yake

Mjini Goma, pale lami inapoishia na mawe ya volkano yanapoanza, plastiki ya gari na ya pikipiki haina maisha marefu. Ni vile vile kwa mtu anayepanda kutoka Bukavu kwenda Walungu, anayeteremka Kamanyola kuelekea Uvira, au anayetafuta njia kati ya Butembo na Beni wakati wa mvua. Gari inagonga jiwe, parshoki inapasuka. Pikipiki inaanguka kwenye tope pamoja na abiria na mfuko wake wa unga, gardebu ya mbele inakatika karibu na buloni. Chuma ikipinda fundi anaipiga nyundo na inarudi. Plastiki ikishafunguka haijifungi yenyewe, na kila shimo la barabara linaurefusha ule ufa kidogo.

Kwa mwenye gari ya nyumbani ni aibu tu mbele ya majirani. Kwa mmotari anayedaiwa versema kila jioni na mwenye pikipiki, ni mambo mengine: piesi mpya inakula mapato ya siku nyingi, na piesi ya okazyoni haipatikani kila wakati kwa aina ya pikipiki yake. Ndiyo sababu watu wengi wanajaribu kutengeneza wenyewe nyumbani. Na kwa kawaida wanaanza vibaya: wananunua tube ya kole ya haraka, wanapaka, wanashikilia dakika mbili, wanafurahi. Kisha siku ya tatu ufa unafunguka tena pale pale.

Wengi wanalaumu kole, wanasema ni ya bandia. Kole ya bandia iko kweli sokoni. Lakini mara nyingi kole haina kosa. Kosa ni kwamba plastiki si kitu kimoja. Ziko aina nyingi, na ile inayotengeneza parshoki za gari nyingi inakataa kole ya kawaida, hata ile ya bei ya juu.

Jibu liko nyuma ya piesi. Fungua piesi, ioshe, igeuze, na tafuta herufi ndogo zilizochapwa ndani ya plastiki yenyewe, kati ya alama mbili kama vichwa vya mshale. Ukiona PP, au PP+EPDM, hiyo ni polipropileni; EPDM ni aina ya mpira uliochanganywa ndani ili parshoki iweze kupinda bila kuvunjika haraka. Ikifuatwa na T20, maana yake wameweka poda ya talki asilimia 20. Kwenye Toyota nyingi, na hizi ndizo zimejaa katika barabara zetu, utakuta TSOP. Ni jina ambalo Toyota yenyewe iliipa plastiki yake ya jamii ya PP, kwa hiyo utaitendea kama PP. Ukiona ABS, hiyo ni jamii nyingine kabisa: ngumu zaidi, yenye kung'aa, na mara nyingi ndiyo inatumika kwa vifuniko vya pembeni vya pikipiki.

Kama herufi hazionekani, iko njia rahisi. Chukua asetoni, ile wadada wanatumia kuondoa verni ya kucha. Soma kwanza kwenye chupa kama ni asetoni kweli, sababu siku hizi nyingine hazina. Weka tone moja mahali pa kujificha, ngoja kidogo, kisha gusa na ncha ya kijiti. Ikiwa plastiki imekuwa laini na inanata, inawezekana sana kuwa ni ABS. Ikiwa haikusikia kitu, uko na PP au ndugu yake PE. Kuna wanaojaribu kwa maji, sababu PP safi inaelea na ABS inazama. Lakini PP yenye talki nyingi nayo inaweza kuzama, kwa hiyo maji peke yake yanaweza kukudanganya.

Tuanze na ABS, sababu ndiyo rahisi. Kama asetoni inaiyeyusha, basi asetoni inaweza kuiunganisha. Kata vipande vidogo vya ABS hiyo hiyo, kwa mfano kutoka kwenye kifuniko kingine kilichovunjika, viweke ndani ya chupa ya kioo na asetoni kidogo, funga, acha mpaka kesho yake. Utapata kitu kizito kama uji. Sugua pande mbili za ufa na papieveri, paka uji huo kwa tabaka nyembamba, ukingoja kila tabaka ikauke, na upande wa nyuma ongeza kipande cha kitambaa au wavu mwembamba ndani yake ili ushike zaidi. Acha siku nzima, na ikiwezekana mbili, mbele ya kurudisha kwenye pikipiki. Ile kole ya haraka pia inashika kwenye ABS, na ukinyunyiza bikarboneti ya jikoni juu yake inakuwa ngumu kama jiwe mara moja. Lakini ugumu huo hauwezi kupinda. Ni mzuri kwa kujaza kidogo, si kwa sehemu inayotikisika. Tena inapata moto na kutoa mvuke unaochoma macho, kwa hiyo usiinamie juu yake.

PP haina urafiki na uji huo wala na kole hiyo. Inaomba moto. Yaani unaichomelea, kama chuma, kwa kuyeyusha plastiki ya jamii moja na kuijaza ndani ya ufa.

Kifaa kizuri ni chuma cha kuchomea cha umeme, kile wanaotengeneza redio na telefone wanatumia. Cha wati 40 au 60 kinatosha, na hakili umeme mwingi. Pale umeme haujafika, watu wanatumia kisu cha zamani au bisibisi iliyowekwa kwenye makala ya mbabula. Inawezekana, ila inachosha, na lazima kufuta majivu kila mara, sababu uchafu ukiingia ndani ya plastiki iliyoyeyuka hapatashika. Kisu hicho kisirudi jikoni tena.

Sasa, plastiki ya kujazia. Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Mtu anaangalia nyumbani, anaona bidoni ya manjano ya mafuta, anaikata. Bidoni hizo zimetengenezwa kwa PE, na chini yake utaona namba 2 ndani ya pembetatu. PE na PP zinafanana mkononi, lakini zikiyeyushwa pamoja hazichanganyiki vizuri. Zinapoa zikiwa zimelala moja juu ya nyingine, na kesho yake unaweza kuzibandua kama ganda la mti. Kinachofaa zaidi ni kipande cha parshoki nyingine yenye herufi zile zile, na nyuma ya garaji nyingi parshoki zilizotupwa hazikosi. Ukikosa kabisa, geuza kiti cha plastiki kilichovunjika: vingi viko na namba 5 na herufi PP. Hakitakuwa na ule mpira wa EPDM, kwa hiyo sehemu hiyo itakuwa ngumu kidogo, lakini itashika. Na kama una mashaka, yeyusha tone moja upande wa nyuma, ngoja lipoe, kisha livute na koleo. Likitoka zima, tafuta plastiki nyingine.

Mbele ya kuchoma, tafuta mwisho wa ufa. Uangalie vizuri kwenye jua, sababu ufa unaendelea mbele kuliko macho yanavyoona mara ya kwanza. Hapo kwenye ncha toboa tundu dogo la milimita mbili au tatu, hata kwa msumari wa moto. Watu wanashangaa: piesi imepasuka, tena unaitoboa? Ufa unatembea sababu nguvu yote ya mtikisiko inakusanyika kwenye ncha moja kali. Ukiweka tundu la mviringo, ile nguvu inasambaa kuzunguka tundu na ufa unakosa njia. Mafundi wa chuma wanafanya vile vile, na katika kazi hii yote hakuna dakika mbili zenye faida kuliko hizo.

Kisha osha na sabuni, kausha kabisa, linganisha pande mbili za ufa zikutane sawasawa, na zishikilie kwa kugusa hapa na pale na chuma cha moto. Upande wa nyuma, chora mfereji juu ya ufa mpaka karibu nusu ya unene. Jaza mfereji ukiyeyusha plastiki yako na ile ya piesi kwa wakati mmoja. Ukiyeyusha ile ya kujazia peke yake na kuidondosha juu, umepaka mafuta ya mshumaa tu. Angalia pia moshi: plastiki inapaswa kulainika na kung'aa, bila kutoa moshi mwingi. PP inayeyuka karibu digrii 165, na chuma cha umeme kinaweza kupita 300 kwa urahisi, kwa hiyo gusa na ondoka. Ile iliyoungua na kuwa kahawia haina nguvu tena.

Mbele ya kumaliza upande wa nyuma, lalisha kipande cha wavu wa chuma mwembamba, kama ule wa madirisha ya kuzuia mbu, juu ya ufa, ukandamize na chuma cha moto mpaka uzame, kisha uufunike na plastiki. Hapo ndipo parshoki itapata nguvu ya kweli. Ikipoa yenyewe, bila kumwagiwa maji baridi, geuza na rudia upande wa mbele, halafu sugua na papieveri.

Iko pia ile njia ya zamani ambayo kila mtu ameona barabarani: kushona. Unatoboa matundu pande mbili za ufa, sentimita moja hivi kutoka ukingoni, unapitisha waya na kukaza. Haipendezi macho, lakini kwa parshoki ya PP kushona ni bora kuliko kole, na dereva aliyekwama porini hana njia nyingine. Usikaze mpaka plastiki ijikunje, sababu kila tundu litaanza ufa wake. Na ncha za waya zitazame mbali na gurudumu. (Chukudu haina mateso haya: mbao ikipasuka, msumari mbili, kazi imekwisha.)

Kuna plastiki ambazo hazipaswi kuguswa nyumbani. Tanki ya mafuta ni ya kwanza: hata ikiwa tupu, mvuke wa petroli uliobaki ndani unaweza kulipuka mbele ya chuma cha moto. Chupa ya mafuta ya frein pia, sababu ikivuja utajua siku utakapobonyeza na gari isisimame. Vichwa vya plastiki vya radiata vinabeba maji ya moto yenye shinikizo. Kiraka kikiachia, mtu anaungua. Na kioo cha taa, hata kama ni plastiki, ukikiyeyusha mwanga utatawanyika na kumpofusha anayekuja mbele yako.

Kwa wamotari, gardebu ya mbele inaomba uangalifu wa peke yake. Ufa wa pembeni, mbali na buloni, unatengenezeka. Lakini ikiwa imekatika pale pale buloni zinapoishika, kiraka kinabeba uzito wote na mtikisiko wote. Kikiachia njiani, gardebu inaweza kuingia kati ya gurudumu na fourche, gurudumu linafunga, na dereva na abiria wanaruka mbele. Hapo tafuta nyingine, au tembea bila gardebu ukila tope mpaka pesa ipatikane. Ile mpya ukiifunga, weka rondela pana na usikaze kupita kiasi, sababu nyufa nyingi zinaanzia kwenye buloni iliyokazwa kwa hasira.

Na moshi. Kazi hii ifanyike nje, upepo ukiwa mgongoni, watoto na wamama wenye mimba wakiwa mbali. Mbabula ndani ya chumba kilichofungwa inatoa gesi isiyo na harufu inayoua mtu akidhani ni usingizi, na hiyo ni hata bila plastiki. Asetoni nayo inawaka haraka sana, isikae karibu na makala. Usijazie ufa na plastiki ya nyaya za umeme wala ya mabomba ya maji: nyingi ni PVC, na moshi wake una asidi inayokula mapafu.

Rangi ni kichwa kingine cha maumivu. PP inakataa rangi kama inavyokataa kole, na bila praima ya plastiki chini yake itabanduka kwa mvua za kwanza. Parshoki nyeusi isiyopakwa rangi inaweza kuachwa hivyo.

Juma moja baadaye, simamisha gari, osha sehemu ile na ibonyeze kwa kidole gumba kando ya ufa wa zamani. Ukiona mstari mwembamba mweupe ukitokea kwenye ncha, ufa umepita tundu lako. Toboa tena, mbele kidogo.