Jezi namba 10 katika mji wa wakimbiaji

Ukitaja michezo Eldoret, mazungumzo huishia kwenye mbio. Huu ndio mji ambao uwanja wake una jina la Kipchoge Keino, na hewa yake nyepesi, mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, imelea mabingwa wa dunia. Kijana anayechagua raga hapa ameuchagua upweke pia.

Kijana huyo ningempa habari za Zhang Zhiqiang wa China. Mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Kilimo cha China, mjini Beijing, kiliunda timu ya raga katika nchi ambayo karibu hakuna aliyeujua mchezo huo. Zhang alikulia katika timu hiyo, akavaa jezi namba 10, akawa nahodha wa China kwenye mashindano ya wachezaji saba ya Hong Kong, na akapitia Leicester Tigers ya Uingereza. Olimpiki hakuwahi kuicheza. Raga ya wachezaji saba ilikubaliwa mwaka 2009 na kuchezwa Rio 2016, na hadi leo wanaume wa China hawajafuzu. Jambo hilo linaniuma kila ninapolifikiria: mtu aliyewafungulia wenzake mlango, mwenyewe akabaki nje.

Wanawake wa China ndio waliopita mlangoni. Raga ilipoingia katika Michezo ya Taifa ya China mwaka 2013, majimbo yalipata sababu ya kulea timu. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, walimaliza wa 7, na Lionesses wetu, timu ya wanawake ya Kenya, wa 10, ingawa tumecheza raga tangu enzi za mkoloni.

Sisi kipaji tunacho. Shujaa, timu yetu ya wanaume ya wachezaji saba, waliichapa Fiji 30-7 katika fainali ya mashindano ya Singapore mwaka 2016, nao Lionesses wakawapiga wenyeji Japani 21-17 kulekule Tokyo. Lakini mchezaji wa Eldoret anayetaka kupanda huwaza klabu za mbali: KCB ya Nairobi, Kabras ya Kakamega au Oilers ya Nakuru. Kwa nini afunge virago, ilhali Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret viko hapa hapa? Vyuo hivi vingeweza kufanya kama kile cha Beijing. Mimi ningeanza na kuwalipia karo wachezaji 15 kila mwaka, kocha wa kudumu anayelipwa mshahara, na daktari kando ya uwanja kila Jumamosi.