Barafu ya matunda na mvinyo wenye mapovu: Andaa bila kuwadhuru wageni wako

Na DAKTARI WETU

MSIMU wa sherehe ukikaribia, maswali yanayomfikia daktari hubadilika. Badala ya kikohozi na malaria, watu huuliza kama mgonjwa wa kisukari anaweza kuinua gilasi wakati wa kuwatakia maharusi heri, au kama mama mjamzito atadhurika kwa "kuonja tu". Na kuna kinywaji kimoja ambacho siku hizi kinatajwa mara kwa mara katika maswali hayo: ile gilasi ndefu yenye rangi za kuvutia, chini ina barafu ya matunda, juu ina mvinyo wenye mapovu.

Mfano wake unaojulikana zaidi unatoka Venice, Italia. Huko huchanganya barafu ya limau, mvinyo wa mapovu uitwao prosecco na vodka kidogo, na kinywaji chenyewe hukiita sgroppino. Kwa lahaja ya Venice jina hilo linahusiana na kufungua kifundo, yaani kulifungua tumbo lililolemewa na mlo mzito. Dai hilo lisikupotoshe, msomaji. Pombe inayofuata mlo wenye mafuta mengi huchelewesha chakula kutoka tumboni. Utamu wake ni jambo moja, tiba ni jambo lingine.

Sikuandikii ili nikushawishi unywe. Asiyekunywa ana sababu nzuri ya kubaki alivyo, na Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa salama kwa afya. Lakini ikiwa umekwisha kuamua kukiandaa nyumbani kwako, basi ni heri ukiandae vizuri, na ujue kila mgeni anapewa nini.

ANZA NA MATUNDA

Barafu ya matunda ndiyo yenye kazi zaidi. Kwa watu wanane, chukua nusu kilo ya nyama ya maembe yaliyoiva sawasawa, sukari gramu 100 (karibu nusu kikombe), nusu kikombe cha maji na vijiko viwili vya mezani vya maji ya limau. Chemsha maji pamoja na sukari hadi sukari iyeyuke, uache yapoe, kisha usage vyote katika blenda na uchuje. Mimina katika chombo kipana chenye kifuniko, ukitie kwenye friza. Kila baada ya nusu saa kitoe, uvunjevunje chenga za barafu kwa uma, ukirudishe. Ukifanya hivyo mara nne au tano, hutahitaji mashine yoyote.

Sukari haikutiwa kwa ajili ya utamu pekee. Huzuia mchanganyiko kuganda kama jiwe. Ukiipunguza mno, utapata donge lisiloingia kijiko. Pombe nayo hufanya vivyo hivyo, tena kwa nguvu zaidi, na ndiyo maana wanaomimina mvinyo ndani ya matunda kabla ya kugandisha hukuta uji asubuhi yake. Mvinyo uongezwe mezani. Kuna sababu nyingine kubwa zaidi ya kufanya hivyo, nayo nitaieleza mbele.

Kuhusu rangi, soko letu limetubariki. Embe hutoa rangi ya chungwa iliyokolea, pasheni hutoa njano, na matunda damu hutoa wekundu unaokaribia zambarau, mradi uyatumbukize kwanza katika maji moto kwa dakika moja ili maganda yake machungu yatoke kwa urahisi. Stroberi hupendeza pia. Ukitaka waridi lililokolea, ongeza kijiko kimoja cha maji ya bitiruti katika barafu ya limau. Wageni wachache huenda wakaona mkojo wao umebadilika rangi kesho yake, lakini hilo halina madhara. Kwa rangi hizi sioni haja ya kutumia zile za chupa.

Waandaaji wengine hutaka kinywaji kifuke moshi. Hapo nakusihi uache. Moshi huo hutokana na barafu kavu au naitrojeni kimiminika, vitu vyenye baridi ya kuunguza nyama ya mwili. Mwaka 2012, msichana mmoja nchini Uingereza alilazimika kukatwa tumbo la chakula baada ya kunywa kokteli iliyotiwa naitrojeni kimiminika katika sherehe ya kuzaliwa kwake.

BARIDI HAIUI VIINI

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu huona kitu kimeganda, akadhani kimesafika. Sivyo. Friza huvilaza viini, haiviui vyote. Viini vya homa ya matumbo huweza kuishi ndani ya barafu, vikaamka barafu inapoyeyuka mdomoni. Mwaka 2013, watu wengi nchini Italia na katika nchi nyingine za Ulaya waliugua homa ya ini ya aina A iliyotokana na beri zilizogandishwa. Na hapa kwetu, Juni 2017, kipindupindu kiliwapata wajumbe waliokuwa wakihudhuria mkutano wa masuala ya afya katika hoteli moja jijini Nairobi. Ikiwa wataalamu wa afya walipatwa, wageni wako je?

Kwa hivyo maji yote yanayoingia katika barafu yawe yamechemshwa hadi yakatokota, au yametiwa dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Hayo ni pamoja na maji ya vipande vya barafu vya kupozea. Osha matunda kabla ya kuyamenya, kwa sababu kisu husukuma uchafu wa ganda hadi ndani ya nyama. Kisha osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni. Mwenye kuharisha au kutapika asikaribie jiko siku hiyo, hata akiwa ndiye mpishi hodari kuliko wote ukooni. Kwa wanaonunua barafu za ukwaju au ubuyu mtaani, jambo la kuuliza ni lile lile: maji yalitoka wapi?

CHUPA NA UFUNGUZI WAKE

Nunua chupa iliyofungwa, katika duka lenye leseni, yenye stempu ya ushuru ya KRA. Pombe bandia zilizochanganywa na methanoli zimeua na kupofusha watu wetu zaidi ya mara moja, na methanoli haina ladha ya kukuonya.

Soma kibandiko. Neno brut lina maana ya mvinyo usio na sukari nyingi: usiozidi gramu 12 kwa lita. La ajabu ni kwamba maneno extra dry, ambayo mtu angedhani yanaashiria ukavu zaidi, huwekwa kwenye mvinyo wenye sukari kuliko brut. Demi-sec ndio mtamu hasa, kati ya gramu 32 na 50 kwa lita. Kwa kuwa barafu yako tayari ina sukari, chagua brut. Ladha pia itakuwa bora, maana uchachu wa mvinyo hukata utamu wa embe.

Poza chupa katika friji kwa saa tatu au nne. Usiisahau katika friza, itapasuka. Chupa ya shampeni ina mgandamizo wa mara tano hadi sita ya hewa ya kawaida, zaidi ya maradufu ya ule wa gurudumu la gari. Kizibo kikifyatuka huweza kwenda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, na kikikupata jichoni kinaweza kukupofusha. Mchezo wa kutikisa chupa ili kizibo kiruke juu ya vichwa vya watu, kama wafanyavyo washindi wa mbio za magari, haufai sebuleni. Funika kizibo kwa kitambaa, inamisha chupa kuelekea pasipo na mtu, shika kizibo imara, kisha uzungushe chupa polepole. Itoe mshuzi mdogo tu. Kelele kubwa si dalili ya ufundi.

Tia gilasini vijiko viwili vya mezani vya barafu ya matunda. Mimina mvinyo kidogo ukiteremsha kando ya gilasi, usubiri povu litulie, ndipo umalizie. Chenga za barafu huamsha mapovu, na ukiharakisha nusu ya mvinyo itaishia kwenye kitambaa cha meza. Ukitaka rangi mbili, weka kijiko cha barafu ya embe na kimoja cha matunda damu bila kukoroga.

HESABU YA KILEO

Pima mvinyo: mililita 100 kwa kila gilasi, usizidishe. Mvinyo wenye kileo cha asilimia 12 utakuwa na karibu gramu tisa na nusu za kileo halisi katika kipimo hicho, na ini la mtu mzima huhitaji takriban saa nzima, wakati mwingine zaidi, kuziondoa. Kahawa chungu haiharakishi kazi hiyo, wala maji baridi ya bafuni. Ukiongeza vodka mililita 30 kama wafanyavyo kule Venice, umeongeza kileo kingine kiasi hicho hicho katika gilasi ile ile, na mgeni hataonja tofauti kubwa. Mimi ningeiacha vodka dukani.

Tatizo la kinywaji hiki liko hapo hasa. Baridi huufisha ulimi, sukari hufunika ukali, na rangi hukifanya kifanane na kitamutamu cha baada ya chakula. Mtu ambaye angekunywa gilasi moja ya mvinyo kwa saa nzima hujikuta amemaliza tatu katika dakika 20. Mapovu nayo yana mchango wao. Utafiti mdogo wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2003, ulilinganisha shampeni yenye mapovu na ile iliyoondolewa mapovu. Kileo kilipanda haraka zaidi katika damu ya walionywa yenye mapovu, hasa katika dakika za mwanzo. Kwa hivyo toa kinywaji hiki baada ya chakula, kamwe si wakati wageni wanawasili na njaa.

Wapo wasiopaswa kunywa hata hicho kipimo kimoja. Mama mjamzito ni wa kwanza, kwani kileo hupita hadi kwa mtoto. Anayetumia metronidazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl, angoje hadi siku mbili baada ya kumaliza dozi. Anayemeza dawa za kifua kikuu ana ini lenye kazi ya kutosha tayari. Anayetumia dawa za kifafa, za usingizi, au hata zile za mafua zinazoleta usingizi, asichanganye. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi yuko katika hatari ya aina mbili: barafu itapandisha sukari yake sasa, na kileo kinaweza kuishusha saa kadhaa baadaye akiwa amelala, huku watu wa nyumbani wakidhani amelewa tu. Na dereva, hata kama ni mjomba asiyependa kuambiwa.

Hao wote wasinyimwe sherehe. Watilie barafu ile ile, kisha umimine soda ya maji isiyo na sukari na maji kidogo ya limau. Kwa wa kisukari, kijiko kimoja kinatosha. Hii ndiyo sababu niliyoahidi kuieleza: barafu ikikaa bila pombe, chombo kimoja kinawatosha wote, na mtoto akiiba kijiko jikoni hakuna atakayekimbizwa hospitalini.

Maana watoto ndio wanaonipa wasiwasi zaidi. Tumia gilasi za umbo tofauti kabisa kwa vinywaji visivyo na pombe, usitegemee rangi. Kisha, kabla ya kulala, kusanya gilasi zote na umwage masalio, hata kama mmechoka. Mtoto mdogo huamka mapema kuliko wazazi, akapita meza hadi meza akimaliza vilivyobaki vyenye rangi. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu, kileo kidogo huweza kushusha sukari ya damu hadi akalegea, akapata degedege au akapoteza fahamu. Ukimshuku, usimtapishe wala usimpe kahawa. Kama ana fahamu na anameza vizuri, mpe maji ya sukari, umpeleke hospitalini mara moja. Kama hana fahamu usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu ukielekea huko.

Barafu iliyobaki katika friza, ikiwa imefunikwa barabara, hudumu kama mwezi mmoja. Iliyoyeyuka mezani na kushinda hapo, imechotwa kwa vijiko vya kila mtu, usiigandishe tena.