Je, Wajua? Sindano ya Wadini na Bakteria wa Tumboni

Je, wajua kwamba mtoto anaweza kupona nimonia hospitalini, akaruhusiwa kurudi nyumbani Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, na bado akabeba tumboni bakteria wasiosikia tena antibiotiki? Wala haumwi. Bakteria hao hukaa kimya utumboni. Balaa huanza wakipenya kwenye njia ya mkojo, kidonda au damu.

Kwamba jambo hili limepimwa huko huko? Utafiti wa Toto Bora uliwafuatilia watoto 1,400 wa miezi 1 hadi 59 walioruhusiwa kutoka hospitali za Homa Bay na Kisii kati ya 2016 na 2019. Choo cha baadhi yao kilipimwa walipokuwa wakiondoka. Miongoni mwa waliopatikana na E. koli, zaidi ya watoto 4 kati ya 10 walikuwa na aina inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja seftriaksoni, antibiotiki ya sindano. Kwa ampisilini, usugu ulipita 9 kati ya 10!

Kwamba swali kuu la utafiti huo lilikuwa jingine kabisa? Je, antibiotiki ya azithromaisini ya siku 5 ya kwenda nayo nyumbani ingewaepusha watoto na kifo au kulazwa tena? Majibu yalitoka 2021: hakuna tofauti ya maana na waliopewa dawa bandia. Mzazi anayeng'ang'ania aongezewe antibiotiki mlangoni hana pa kushikia.

Kwamba seftriaksoni inapendwa pia kwa sababu ya saa? Ni unga mweupe ndani ya kichupa. Muuguzi huuyeyusha, huuvuta kwa bomba la sindano, na kwa magonjwa mengi dozi moja kwa siku hutosha. Penisilini ya sindano hutaka kudungwa kila saa 6, usiku wa manane ukiwamo. Katika wadi iliyofurika yenye muuguzi mmoja, unadhani ipi itachaguliwa? (Simlaumu muuguzi. Namlaumu anayepanga idadi ya wauguzi.) Lakini mwongozo wa Kenya wa tiba ya watoto unataka nimonia kali ianze na penisilini au ampisilini pamoja na jentamisini.

Kwamba si seftriaksoni yote inayotoka kwa mkojo? Sehemu yake hupitia nyongo na kumwagikia utumboni, hata kama ugonjwa uko mapafuni. Bakteria wapole hufa, na wale sugu hustawi kama magugu kwenye shamba la miwa lililotoka kuvunwa.

Kwamba tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki makundi 3? Penisilini, amoksilini na jentamisini zimo katika kundi la kutangulizwa. Seftriaksoni na azithromaisini zimo katika kundi la kutumiwa kwa tahadhari. La tatu ni akiba ya mwisho.

Kwamba Septrin nayo ni antibiotiki? Mwaka 2012, uchunguzi wa Madaktari Wasio na Mipaka ulikuta asilimia 24 ya watu wazima wa Ndhiwa wanaishi na VVU, na watu wengi wenye VVU wamekuwa wakimeza Septrin kila siku. Jeni za usugu husafiri pamoja, hivyo dawa moja yaweza kulea usugu wa nyingine. Hata hivyo usiitupe! Katika utafiti wa watu 500 waliokuwa kwenye ARV huko Homa Bay, nusu waliachishwa Septrin. Visa vya malaria vilikuwa 34, na 33 kati yake viliwapata walioachishwa. Kuna usugu tunaokubali kuulipia.

Kwamba kuchagua dawa vizuri pekee hakutoshi? Katika utafiti wa Kilifi, takriban mtoto mchanga 1 kati ya 10 alifika hospitalini tayari na bakteria hao wa kuvunja seftriaksoni. Kati ya waliofika bila wao, zaidi ya nusu waliwapata wakiwa wamelazwa. Msongamano na mikono isiyonawa navyo vina kesi ya kujibu.

Kwamba kuhara kwa kawaida kwa mtoto, kusiko na damu, hakuhitaji antibiotiki? Ni ORS na zinki.

Mkiruhusiwa, ulizeni jina la antibiotiki aliyopewa mtoto na kwa siku ngapi, liandikwe katika kijitabu chake cha kliniki. Akilazwa tena, mwonyesheni daktari ukurasa huo kabla ya sindano ya kwanza.