Mishipa ya Retina na Malaria ya Ubongo

Mtoto aliyepoteza fahamu kwa homa katika wilaya ya Muheza, akionekana ana vimelea vya malaria katika damu, huhesabiwa kuwa ana malaria ya ubongo. Hukumu hiyo ina busara, lakini haitoshi. Penye malaria nyingi mtoto aweza kubeba vimelea bila kuugua, kumbe kinachomwua ni kitu kingine. Uchunguzi uliofanywa Hospitali Teule, Muheza, na kuchapishwa mwaka 2010, uliwakuta watoto 341 kati ya 3,639 waliolazwa kwa homa wana maradhi mazito ya bakteria. Baadhi yao walikuwa na vimelea vya malaria pia.

Daktari atapambanuaje? Na atazame jichoni.

Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho upokeao nuru, huchipuka kutoka katika ubongo mtoto angali tumboni, na mishipa yake midogo hufanana sana na ile ya ubongo. Kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum kikipevuka ndani ya chembe nyekundu ya damu, huifanya inate kwenye kuta za mishipa hiyo. Hivyo haipiti katika wengu, ambako ingeangamizwa. Tena kimelea hula himoglobini, ambayo ndiyo wekundu wenyewe wa damu. Kwa hiyo mshipa uliojaa chembe za namna hiyo huonekana wa rangi ya chungwa, au mweupe kabisa. Kandokando yake retina iliyokosa oksijeni hupauka, na huweza kuwa na madoa ya damu yenye kitovu cheupe.

Madoa peke yake hayatoshi, kwani hutokea katika maradhi mengine. Kubadilika rangi kwa mishipa ni ushahidi wenye uzito zaidi. Huko Blantyre, Malawi, watafiti walichunguza maiti za watoto 31 waliodhaniwa kufa kwa malaria ya ubongo. Taarifa yao ya mwaka 2004 ilieleza kwamba 7 waliuawa na sababu nyingine. Dalili pekee iliyowatenganisha walipokuwa hai ilikuwa hiyo ya retina.

Kinachotakiwa ni dawa ya kupanua mboni, oftalmoskopu na mazoezi. Sindano ya artesunate haingojei uchunguzi huo. Bali retina ikionekana safi, daktari asiridhike na vimelea alivyoviona: atafute bakteria katika damu, na maji ya uti wa mgongo yapimwe mara hali ya mtoto itakaporuhusu.