Kwale, Grausi na Kelele za Machimbo

Wasomaji wapenzi wa gazeti letu la Chama cha Kiswahili, wengi wenu mmezoea kuniona nikiingia darasani viatu vikiwa vyeupe kwa vumbi. Vumbi hilo ni la timbo lililo karibu na kwetu, au kwari, kama tunavyoliita sote. Baba yangu huponda kokoto hapo, na ada yangu hutoka humo humo. Kwa hivyo nikiandika juu ya madhara ya machimbo, jueni kwamba naugusa ugali wangu mwenyewe.

Lililonichochea ni maneno ya nyanya. Likizo ya Aprili aliniambia, "Mjukuu wangu, zamani niliamshwa na kwale. Siku hizi naamshwa na lori." Nikajiuliza: ni kweli machimbo hufukuza ndege, ama ni wazee tu wanaosifu ya kale? Na mtu atajuaje?

Katika kusoma nikakutana na ndege wa Marekani aitwaye grausi, ambaye ni wa ukoo mmoja na kwale wetu na kuku wa nyumbani. Aliye mkubwa kuliko grausi wote wa huko huishi kwenye nyika za magharibi, katika majimbo 11 ya Marekani na mawili ya Kanada. Maisha yake yote yanategemea kichaka kimoja cha kijivu kiitwacho sejibrashi. Hutaga mayai chini yake, hujificha humo, na wakati wa baridi kali hula majani yake na karibu hali kitu kingine. Kichaka hicho kikifyekwa huchukua makumi ya miaka kurudi kama kilivyokuwa.

Bahati mbaya, chini ya nyika hizo kuna mali. Wyoming kuna makaa ya mawe na gesi, Nevada kuna dhahabu. Je, mgodi humdhuru grausi vipi? Msidhani ni lile shimo tu. Mgodi huja na barabara, nyaya za umeme, nyua na madimbwi. Kunguru hutua juu ya milingoti ya umeme wakichungulia mayai. Grausi arukaye chini chini hugonga ua wa seng'enge akafa. Madimbwi nayo huzalisha mbu wenye virusi vya West Nile, ugonjwa unaomwua ndege huyu. Kila kimoja ni kidogo, lakini bandu bandu huisha gogo.

Kuwahesabu nako kuna ujanja wake. Kila majira ya kuchipua, alfajiri, madume hukusanyika uwanjani kuwachezea majike, vifua vimefura kama puto. Wataalamu hufika mapema na kuwahesabu madume. Hurudia hivyo mwaka baada ya mwaka, kwenye viwanja vilevile. Hapo wanaweza kulinganisha hesabu ya kabla ya mgodi na ya baada yake.

Lakini hiyo pekee haitoshi. Ndege huweza kupungua kwa sababu ya ukame, tukausingizia mgodi bure. Ndiyo maana huhesabu pia viwanja vilivyo mbali na migodi. Kukiwa na ukame, kote kutapungua. Mgodi ukiwa ndio chanzo, kwake kutapungua zaidi. Jambo jingine ni subira. Grausi hung'ang'ania uwanja wake hata ukiharibika, hivyo hasara huweza kuonekana baada ya miaka kadhaa. Anayehesabu mwaka mmoja tu atasema hakuna neno, kumbe liko.

Jaribio lililonishangaza zaidi lilifanywa Wyoming kati ya 2006 na 2008. Wataalamu waliweka vipaza sauti viwanjani, pasipo mgodi wowote, wakacheza kelele tu. Penye kelele za kuchimba visima, madume walipungua kwa asilimia 29. Penye kelele za magari ya barabarani walipungua kwa asilimia 73! Basi nyanya hakuwa akipayuka aliposema lori.

Wyoming haikufunga migodi. Tangu 2008 imetenga maeneo maalumu ya grausi ambamo uharibifu wa ardhi hautakiwi kupita asilimia 5, na kelele za usiku na alfajiri hupunguzwa msimu wa kucheza. Hapa Kenya pia, sheria ya mazingira ya 1999 hudai tathmini ifanywe kabla ya machimbo kuanza.

Nami nikajaribu. Asubuhi tano mfululizo nilisikiliza kwale karibu na timbo, na rafiki yangu akasikiliza kule mlimani saa ile ile. Mimi nilisikia sauti 2, yeye 17. Nilitaka kushangilia, kisha nikakumbuka kwamba hakuna aliyewahesabu kabla ya timbo kufunguliwa. Pengine mlimani walikuwa wengi tangu hapo. Hesabu yangu ni mwanzo tu, siyo hukumu.

Nilipomweleza baba, alicheka. "Kwa hivyo kwale ndio watakulipia ada?" Nikanyamaza. Kesho yake, akifunga kamba za viatu, akasema, "Lori zile za saa kumi na moja, hakuna lazima zipitie kichakani. Iko njia ya juu. Nitamwambia msimamizi." Sijui kama atasikizwa, lakini mimi bado nahesabu kila likizo.

Wanachama wenzangu, kama kwenu kunakaribia kufunguliwa timbo, msingoje. Amkeni mapema, shikeni daftari, hesabuni sasa. Baada ya lori kuingia, hesabu ya kwanza haipatikani tena.