Wanaume dhidi ya ukatili wa nyumbani (2): Akina baba wa Rwanda

Wiki iliyopita tulisoma kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kinachotamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Sheria hiyo ilikuwa na miaka zaidi ya 40 pale utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015/16 ulipowakuta wanawake 58 katika kila 100 wakikubali kwamba yapo makosa yanayomhalalishia mume kumpiga mkewe. Wanaume wenye mawazo hayo walikuwa 40. Anayepiga, basi, anajua majirani watasema "mambo ya ndani hayo" na kuendelea na shughuli zao.

Ndiyo maana naomba, ndugu msomaji, tuvuke mpaka. Nchini Rwanda, shirika la RWAMREC liliendesha mpango wa Bandebereho katika wilaya za Karongi, Musanze, Nyaruguru na Rwamagana. Wanaume hawakuitwa kuja kukaripiwa. Waliitwa wale wenye watoto wadogo, au wanaotarajia mtoto, waje kuzungumzia ubaba. Hapo ndipo ninapoona busara ya mpango mzima, maana mwanamume anayesubiri mtoto huwa tayari kusikia mengi ambayo mwaka mmoja nyuma angeyapuuza. Vikao vilikuwa 15, na wake walialikwa katika baadhi yake. Walizungumzia ujauzito, uzazi wa mpango, malezi, maamuzi ya nyumbani, na ukatili wenyewe.

Zoezi moja linatumika sana katika vikao vya namna hii. Wanaume huorodhesha kazi za mume na za mke tangu jogoo la kwanza hadi usiku: maji, kuni, shamba, kupika, kuogesha watoto. Orodha ya mke huteremka hadi chini ya karatasi, na aliyeiandika ni mume mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya wenzake. Hakuna mhadhiri wa kubishana naye.

Wanandoa 1,199 waligawanywa kwa kura, wengine wakaingia kwenye vikao, wengine wakabaki nje. Baada ya takriban miezi 21, wanawake 57 kati ya 100 wa kundi lililobaki nje walisema wamepigwa na wenzi wao katika mwaka uliopita. Katika kundi la vikao walikuwa 33. Kwa ukatili wa kingono, ilikuwa 60 kwa 35.

Lakini 33 ni mwanamke mmoja katika kila watatu, na huyo bado anahitaji dawati la jinsia la polisi, daktari na mahali salama pa kulala. Fedha za vikao vya wanaume zisichotwe kwenye mfuko wake.

Wiki ijayo tutakwenda Kampala, kwenye mpango wa SASA!, kumtafuta yule asiye na mtoto wala mke, na yule anayekataa kabisa kuja kikaoni.