Maktaba za Chuo Kikuu Zina Habari Zako

Sasa unajua kusoma. Unasoma barua zako mwenyewe. Unasoma maandishi kwenye chupa ya dawa na kwenye mfuko wa mbolea. Je, umewahi kujiuliza wataalamu wetu hupata wapi maarifa yao? Bwana shamba alisoma vitabu gani? Na daktari? Na hakimu?

Vitabu vyao vimewekwa katika maktaba za vyuo vikuu. Leo tuzitazame maktaba hizo. Baadhi ziko mbali na Mbeya na Iringa, lakini mambo mengi yaliyoandikwa humo yanakuhusu wewe.

KWA NINI VITABU HUTENGWA?

Tazama nyumbani kwako. Mahindi ya chakula yamo kihengeni. Mahindi ya mbegu huyachanganyi na hayo. Unayatundika juu ya jiko ili moshi uyakinge na wadudu. Maharage yana debe lake. Mvua ikinyesha, unajua mara moja mbegu iko wapi.

Chuo kikuu nacho hutenga vitabu vyake. Kina maktaba kuu ya masomo yote. Tena kina maktaba ndogo za somo moja moja. Vitabu vya sheria viko karibu na walimu wa sheria. Vitabu vya uganga viko karibu na hospitali. Kila kitabu kina namba au herufi mgongoni. Namba hiyo inaonyesha rafu yake. Katika vyuo vikuu vingi duniani herufi S ni ya kilimo, K ni ya sheria, na R ni ya uganga.

MAKTABA ZETU ZILIVYOKUA

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na somo moja tu, yaani sheria. Mwaka 1964 kilihamia mahali panapoitwa Mlimani. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Mwaka 2018 maktaba mpya ilifunguliwa hapo Mlimani. Ilijengwa kwa msaada wa China. Ina nafasi ya vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja.

Masomo mengine yalipata vyuo vyao na maktaba zao. Somo la uganga liko Muhimbili, Dar es Salaam, penye hospitali kubwa. Somo la kilimo lilianza Morogoro mwaka 1969. Mwaka 1984 chuo hicho cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mwaka 1991 sheria iliifanya maktaba yake kuwa Maktaba ya Taifa ya Kilimo. Mambo ya bahari na samaki husomwa Zanzibar, karibu na bahari yenyewe.

Hapa kwetu pia zipo maktaba za vyuo vikuu. Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanza mwaka 2005. Hicho hufundisha walimu. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Hicho hufundisha mafundi na wahandisi.

ZINAKUSAIDIA NINI?

Pengine utasema, "Mimi ni mkulima. Maktaba ya chuo kikuu itanisaidia nini?"

Chukua mfano wa viazi mviringo. Majani yanaingia mabaka meusi, na shamba lote linakauka kwa siku chache. Ugonjwa huo si mpya. Uliangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi. Tangu wakati huo wataalamu wameandika mengi juu yake. Wameandika jinsi unavyoenea wakati wa baridi na unyevu. Wameandika namna ya kuchagua mbegu safi. Maarifa hayo yapo. Tatizo ni kuyafikisha shambani kwako.

Chukua mfano wa ardhi. Mume amefariki. Ndugu zake wanataka kumfukuza mjane shambani. Wanasema ndiyo mila. Mjane huyo asiondoke upesi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kutumia ardhi. Mila inayomnyima mwanamke haki hiyo haina nguvu mbele ya sheria. Maneno hayo yameandikwa. Anayeyajua anaweza kujitetea barazani.

HABARI ZAKO ZIMO HUMO

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Vitabu vingi vya maktaba hizo vimetoka vijijini kwetu.

Kati ya mwaka 1934 na 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa Rungwe. Waliwauliza wazee Wanyakyusa juu ya maisha yao. Baadaye, mwaka 1951, Monica Wilson alitoa kitabu juu ya vijiji ambavyo vijana wa rika moja walivijenga na kukaa pamoja. Huko Iringa, Alison Redmayne alichunguza habari za Wahehe. Mwaka 1968 alichapisha makala juu ya Mkwawa na vita vyake.

Maandishi juu ya nchi zetu hutunzwa Mlimani katika sehemu maalumu ya Afrika Mashariki. Wataalamu wa Kiswahili nao walikusanya maandishi ya kale ya mkono na kanda za sauti za watu wetu.

Wazee waliosema maneno yale wamekwisha kufa. Maneno yao yamebaki. Lakini mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Mjukuu wa mzee aliyesimulia hawezi kuyasoma. Hili si jambo dogo. Ni kama kutoa mbegu yako ghalani, kisha ukakosa mavuno.

Mpaka leo watafiti huja vijijini. Huuliza juu ya shamba, uzazi, maji na mifugo. Huandika majibu na kuondoka. Kitabu huwekwa rafuni. Je, kijiji kimebaki na nini?

UFANYE NINI?

1. Mtafiti akija, mpokee vizuri. Mweleze ukweli. Kisha serikali ya kijiji imwombe alete muhtasari wa kazi yake kwa Kiswahili. Kurasa mbili au tatu zinatosha. Zisomwe mkutanoni na zitunzwe ofisini.

2. Ukiwa na tatizo la shamba, liandike kwenye karatasi. Andika zao, mahali, siku uliyoona dalili na jinsi zilivyo. Mpe bwana shamba au bibi shamba. Mwombe aulize Kituo cha Utafiti cha Uyole, karibu na mji wa Mbeya. Mbegu ya maharage iitwayo Uyole 84 ilitoka huko. Swali lililoandikwa halisahauliki njiani.

3. Ukifika mjini Mbeya au Iringa, ingia katika Maktaba ya Mkoa. Usiogope. Mweleze mkutubi unachotafuta. Kazi yake ni kukusaidia.

4. Kama kijana wa kijiji anasoma chuo kikuu, mtume. Akija likizo asije na nguo mpya tu. Aje na majibu. Siku hizi kazi nyingi za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine husomwa bure kwa intaneti, hata kwa simu. Kijana asome Kiingereza, awaeleze wenzake kwa Kiswahili.

5. Kabla ya kufunga safari kwenda maktaba ya chuo kikuu, uliza kwanza masharti yake. Vitabu vingine husomwa humo humo na haviruhusiwi kutoka.

Ndugu msomaji, vyuo vikuu vya umma hupata fedha kutokana na kodi. Wewe unayeuza mahindi, viazi au chai unachangia kodi hiyo. Kwa hiyo una haki ya kuuliza. Wazee wetu walitoa maarifa yao kwa mdomo kwa sababu hawakujua kuandika. Wewe unajua. Andika swali lako, na udai jibu kwa lugha unayoielewa.